Nani Kaua? Riwaya za Upelelezi kwa Msomaji wa Nyanda za Kati

Riwaya ya upelelezi ni hadithi ndefu ya kubuni ambayo msuko wake, yaani mpangilio wa matukio yake, unaanzia kwenye uhalifu, aghalabu mauaji, kisha unasonga mbele kadiri mtu mmoja anavyokusanya vidokezo na kuviunganisha mpaka aliyetenda akajulikana. Ndani ya maana hiyo mna vitabu vya tabia mbalimbali. Mna riwaya tulivu za kijijini, ambazo maiti huonekana kwa ufupi tu na kurasa zinazobaki hutumika katika kunywa chai, kusikiliza umbea na kupima maneno ya majirani. Na mna riwaya za giza, za mijini kwa kawaida, ambazo mpelelezi wake hupigwa, hudanganywa na wakubwa zake, na pengine humpata muuaji bila ya haki kupatikana. Msomaji wa Dodoma, ambaye tangu serikali itangaze mwaka 2016 kwamba inahamia huko kwa vitendo amezidi kuwa mtumishi wa umma, mwanafunzi wa chuo au mfanyabiashara aliyetoka mkoa mwingine, anavyo vitabu vya kutosha vya kuchagua katika pande zote mbili, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, ila vimetawanyika, na vingi kati ya vile vya Kiswahili vimesahauliwa na maduka kabla ya kusahauliwa na wasomaji.

Kigezo kinachotumika hapa katika kuvipendekeza si wingi wa maiti wala kasi ya matukio. Kigezo ni swali la nani, katika jamii inayosimuliwa, ana mamlaka ya kusema kwamba fulani ndiye aliyeua. Katika kijiji cha riwaya ya Kiingereza mamlaka hayo hayana mwenyewe mpaka mpelelezi ayachukue, kwa kuwa wanakijiji wote wanakiri kwamba hawajui. Katika vijiji vya nyanda za kati, na vya Afrika Mashariki kwa jumla, mara nyingi jibu huwa limekwisha kutolewa kabla polisi hawajafika, nalo ni uchawi, mizimu au laana ya ukoo. Kwa hiyo mpelelezi huwa na kazi mbili, kumtafuta muuaji na kuling'oa jibu lililokwisha kukaa. Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ilizaliwa ikiwa na kazi hizo mbili mkononi, na zile zinazostahili kusomwa kwanza ndizo ambazo hazikuikwepa ile ya pili.

Aina tulivu ilipata umbo lake Uingereza katika miaka iliyokuwa kati ya vita vikuu viwili. Agatha Christie alipochapisha The Murder at the Vicarage mwaka 1930, riwaya ya kwanza yenye mhusika Miss Marple, alimweka bibi kizee asiyeolewa katika kijiji cha St. Mary Mead na kumpa silaha moja tu, ambayo ni kumbukumbu ya tabia za watu aliowaona tangu ujana wake. Anapomtazama mtuhumiwa humfananisha na mtu fulani wa kijijini aliyewahi kufanya hila ndogo ya namna ileile, na kutokana na hila ndogo anafikia kubwa. Njia hiyo inahitaji jamii ndogo inayofahamiana, watuhumiwa wenye idadi inayohesabika, na uhakika kwamba muuaji ni mmoja wao. Methali isemayo kikulacho ki nguoni mwako ingeweza kupigwa chapa kwenye jalada la kila kitabu cha aina hiyo bila kukosea.

Kijiji cha Bahi, cha Chamwino au cha Manyoni kinatimiza masharti hayo bila kulazimishwa. Watu wanajua ng'ombe za nani zilipita wapi, nani alikopa mbegu mwaka wa njaa akashindwa kurudisha, nani alirudi kutoka mnadani usiku akiwa na fedha na nani alirudi mikono mitupu. Mnada wenyewe, yaani soko la mifugo linalofanyika kwa siku maalumu, kama ule wa Msalato nje kidogo ya jiji, ni chombo ambacho mwandishi wa riwaya angekitamani, kwa sababu huwaleta wageni mahali pamoja kwa saa chache, wakala nyama, wakauziana ng'ombe, wakatawanyika jioni, na kila mmoja akiulizwa baadaye alikuwa wapi atasema alikuwa mnadani, jambo ambalo watu mia wanaweza kulithibitisha na hakuna hata mmoja anayeweza kuliapia saa kwa saa. Katika lugha ya sheria dai la namna hiyo huitwa utetezi wa kutokuwepo, maana yake ni kwamba mshtakiwa anadai alikuwa mahali pengine wakati kosa linatendeka, na riwaya nyingi za upelelezi si kitu kingine ila kazi ya kulibomoa dai hilo.

Lakini pana jambo ambalo St. Mary Mead haina. Huko Singida, katika miaka ya 1940, na hasa 1946 na 1947, watu wengi wa Unyaturu waliuawa kwa namna iliyoacha miilini mwao majeraha yaliyofanana na ya kucha za simba, na uvumi ukagawanyika kati ya wanyama wa kweli na wale walioitwa watu-simba, yaani watu walioaminiwa ama kugeuka simba ama kufichwa na wachawi, kuvishwa ngozi na kutumwa kuua kwa malipo. Serikali ya kikoloni ilipeleka polisi, watu kadhaa wakashtakiwa na kutiwa hatiani, na wataalamu wakaendelea kubishana kwa miaka mingi katika jarida la Tanganyika Notes and Records kuhusu ni vifo vingapi vilikuwa vya simba na ni vingapi vya watu. Ukilitazama kwa jicho la mtunzi, kisa hicho kina watuhumiwa wa ngazi nne waliopandana: mnyama, mtu aliyevaa ngozi, mganga aliyemtuma, na jirani aliyelipa. Hakuna riwaya tulivu ya Kiingereza iliyowahi kubeba mzigo huo, na aliye tayari kuubeba kwa Kiswahili ana uwanja mpana mbele yake. Sheria nayo inaongeza ugumu unaomfaa mwandishi, kwa kuwa Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928, haimwadhibu tu anayejidai kuwa na uwezo wa uchawi bali pia humbana anayemtaja mwenzake kuwa mchawi ovyo. Hivyo shahidi anayejua jambo anaweza kunyamaza si kwa kumwogopa muuaji, bali kwa kuogopa kwamba maneno yake yenyewe yatakuwa kosa.

Kwa sababu hiyo kitabu cha kwanza kinachopendekezwa si kipya hata kidogo. Ni Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, mwandishi wa habari aliyezaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, ambacho kilishinda mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957 na 1958 na kuchapishwa mwaka 1960. Humo maiti inakutwa mahali panapoaminiwa kuwa ni makao ya mizimu, na jamii nzima iliyozunguka, wenye mashamba na wafanyakazi wao, iko tayari kupokea kwamba waliokufa zamani ndio waliotoa hukumu. Anayekataa ni Bwana Msa, mtu asiye polisi, mwenye kiko chake na mwendo wake wa kufikiri uliomwiga Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle bila kuficha. Kando yake yupo Najum, rafiki ambaye kazi yake kubwa ni kuuliza yale ambayo msomaji angependa kuuliza na kukosea pale ambapo msomaji angekosea.

Wahakiki wameuzungumza sana uigaji huo, wengine kwa kuusifu na wengine kwa kuulaumu, na pengine wameuzungumza kupita kiasi, kwa kuwa jambo la thamani zaidi katika kitabu hicho haliwezi kupatikana kwa Doyle. Mwaka 1929 padri wa Kiingereza Ronald Knox, ambaye naye aliandika riwaya za namna hiyo, aliweka kanuni kumi za kuziandika, mojawapo ikiwa ni kupiga marufuku nguvu zote zisizo za kibinadamu. Kwake kanuni hiyo ilikuwa adabu ya mchezo tu, kwa maana msomaji wake hakutazamia mzimu utokee sebuleni. Kwa Muhammed Said Abdulla kanuni hiyohiyo inageuka kuwa mgogoro wa kitabu chenyewe. Kila mhusika anayetajwa anapaswa kuchagua kama anaamini mzimu au anaamini akili, na uchaguzi huo unafichua tabaka lake, elimu yake na mara nyingine maslahi yake, kwa kuwa wapo wanaoeneza habari za mzimu kwa sababu zinawafaa. Bwana Msa hadhihaki imani za watu. Anazisikiliza kama mtu anayesikiliza ushahidi, akitaka kujua nani alizisema kwanza na lini, na hapo ndipo fundi anapoonekana.

Msomaji wa nyanda za kati ana sababu ya pekee ya kukielewa kitabu hicho kuliko hata msomaji wa Dar es Salaam. Kaskazini ya Dodoma, katika milima ya Kolo wilayani Kondoa, mna mapango yenye michoro ya miambani ambayo mwaka 2006 iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia, na baadhi ya mapango hayo, licha ya kuwa kivutio cha watalii na mahali pa kazi za wanaakiolojia tangu enzi za Mary Leakey, yanaendelea kutumiwa na wenyeji kwa matambiko ya kuomba mvua na uponyaji. Mzimu wa aina hiyo si pambo la hadithi. Ni mahali penye njia inayofahamika, wasimamizi wanaofahamika na masharti ya kuingia, na maiti ikikutwa hapo asubuhi swali la kwanza halitakuwa nani kaua bali nani alivunja mwiko. Anayekipenda kitabu cha kwanza aendelee na Kisima cha Giningi cha mwaka 1968, kinachochukua jina la mahali ambapo katika simulizi za Zanzibar wachawi hukutania, kisha Siri ya Sifuri cha 1974 na Mwana wa Yungi Hulewa cha 1976. Kosa la Bwana Msa, kilichotoka mwaka 1984, ni cha kusomwa mwisho, kwa kuwa ladha yake inategemea msomaji awe amekwisha kumzoea mpelelezi asiyekosea.

Kutoka hapo hatua ya karibu zaidi ni kusini mwa bara. The No. 1 Ladies' Detective Agency cha Alexander McCall Smith, kilichochapishwa mwaka 1998 na kufuatwa na mfululizo mrefu ambao haujakatika, kinamhusu Precious Ramotswe, mwanamke wa Botswana aliyeuza ng'ombe alizorithishwa na baba yake akafungua ofisi ya upelelezi mjini Gaborone. Nchi inayoelezwa, kame, tambarare, yenye miiba, yenye watu wanaopima utajiri kwa mifugo na wanaotazama mbingu kwa miezi wakisubiri mvua, haihitaji maelezo kwa mtu wa Ugogo, na uamuzi wa binti kuuza ng'ombe za marehemu baba yake ili aanzishe kazi ambayo hakuna aliyewahi kuisikia utamgusa msomaji huyo kwa nguvu ambayo msomaji wa Edinburgh hawezi kuihisi. Vitabu vya mfululizo huu husemwa kuwa ni vyepesi, na vingi ni vyepesi kweli. Wapo waume wanaofuatiliwa na madaktari wasioeleweka. Hata hivyo, chini ya utulivu wa kitabu cha kwanza kuna kisa cha mtoto aliyepotea, ambaye inahofiwa ametekwa kwa ajili ya dawa za kienyeji, na nchi ambayo tangu mwaka 2007 hivi imeshuhudia watu wenye ualbino wakiuawa kwa sababu zinazofanana na hizo itakisoma kisa hicho bila kutabasamu. Udhaifu wa McCall Smith ni kwamba anaipenda Botswana yake mno kiasi cha kuogopa kuiumiza.

Kwa anayetaka kujua utulivu huo umefikia wapi Uingereza leo, The Thursday Murder Club cha Richard Osman, cha mwaka 2020, kinatosha. Wazee wanne wanaoishi katika makazi ya wastaafu wanajifurahisha kwa kuchambua mafaili ya mauaji yaliyoshindikana, mpaka mauaji ya kweli yanapowafikia mlangoni. Ni kitabu cha kuchekesha na cha kupitisha safari ya basi, ingawa wazo la wazee kuishi peke yao mahali pa kulipia litamshughulisha msomaji wa Kitanzania kuliko mauaji yenyewe.

Pana aina ndogo ndani ya riwaya tulivu inayoitwa fumbo la chumba kilichofungwa, ambapo mtu anakutwa ameuawa ndani ya chumba ambacho hakuna aliyeweza kuingia wala kutoka. Edgar Allan Poe aliianzisha mwaka 1841 katika hadithi fupi inayohesabiwa kuwa mwanzo wa fasihi yote ya upelelezi, na tangu wakati huo waandishi wamechosha kila mlango, kila dirisha na kila bomba la moshi la nyumba za Ulaya. Hakuna sababu ya fumbo hilo kutoandikwa kuhusu tembe. Nyumba hiyo ya asili ya Wagogo hujengwa kuzunguka ua ambamo ng'ombe hulala, ikiwa na lango moja, vyumba visivyo na madirisha ya maana, na paa la udongo lililotandazwa juu ya miti, ambalo huanikwa juu yake nafaka na mboga. Anayeingia usiku kwa langoni huwaamsha ng'ombe, na ng'ombe wakimwona mgeni hawanyamazi kama wanavyomnyamazia mwenyeji. Anayepita juu ya paa hudondosha vumbi la udongo juu ya waliolala, na vumbi hilo asubuhi liko kwenye ngozi ya kulalia, kwenye chungu na kwenye nywele za maiti, likionyesha mahali hasa alipokanyaga. Wakati wa kiangazi nyayo hubaki wazi katika uwanja uliofagiliwa jioni, ila upepo wa Dodoma unaweza kuzifuta kabla jua halijapanda, hivyo saa ya kuamka ya kila mtu inakuwa sehemu ya ushahidi. Mwandishi anayeyajua hayo hahitaji kuazima kasri la Kiingereza.

Reli nayo inangoja mtu wa kuiandika. Christie aliisimamisha treni yake katika theluji, mwaka 1934, ili muuaji na watuhumiwa wote wabaki ndani ya behewa moja bila msaada wa polisi, na Reli ya Kati, iliyofika Dodoma mwaka 1910 wakati wa Wajerumani, imekuwa ikisimamishwa na mafuriko kati ya Kilosa na Gulwe mara nyingi kuliko treni yoyote ya riwaya ilivyosimamishwa na theluji, likiwemo lile gharika la mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 lililoifunga njia kwa miezi. Treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 ni neema kwa wasafiri na hasara kwa fasihi hii, kwa kuwa safari isiyofika saa nne haimpi mpelelezi hata muda wa kuwahoji abiria wa behewa la kwanza.

Mwaka 1965 Faraji Katalambulla alichapisha Simu ya Kifo, na mpelelezi wa Kiswahili akahama kutoka shambani Unguja kwenda mjini Bara, akaacha kuwa bwana mwenye wasaa na kuwa Inspekta Wingo, askari mwenye cheo, mwenye bosi na mwenye ripoti ya kuandika. Mabadiliko hayo ni makubwa kuliko yanavyoonekana. Polisi wa kweli hafikii ukweli kwa kutafakari akiwa na kiko mdomoni. Anaufikia kwa karatasi, kwa mashahidi wanaobadilisha maneno, kwa fomu ya PF3 ambayo majeruhi hupewa kituoni ili atibiwe na ambayo baadaye huwa ushahidi mahakamani, na kwa askari kanzu, yaani wale wanaofanya kazi bila sare, ambao mara nyingi kila mtu mtaani anawajua. Kitabu ni kifupi, na mwendo wake ni wa haraka hadi kuacha nyuma baadhi ya maswali yake, lakini kina heshima ya kuwa daraja, na anayeruka kutoka kwa Bwana Msa moja kwa moja hadi kwenye riwaya za miaka ya 1980 hataelewa vurugu zilitokea wapi.

Zilitokea Marekani kwa sehemu moja na Dar es Salaam kwa sehemu nyingine. Dashiell Hammett, kwa The Maltese Falcon cha 1930, na Raymond Chandler, kwa The Big Sleep cha 1939, waliwatoa wapelelezi sebuleni na kuwaweka mtaani, wakawapa ulimi mkali na dunia ambayo polisi, matajiri na majambazi hula sahani moja. Umbo hilo lilipofika Afrika Mashariki katika miaka ya 1970 lilichanganyika na ujasusi, kwa kuwa Dar es Salaam ya wakati huo, makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika tangu 1963, ilikuwa na maadui wa kweli wenye pesa, mabomu na wapelelezi wao. Aristablus Elvis Musiba, mfanyabiashara ambaye baadaye aliongoza chama cha wenye biashara, viwanda na kilimo nchini, alimzaa Willy Gamba katika Kufa na Kupona cha 1974, kisha akampeleka Kinshasa katika Kikosi cha Kisasi. Gamba hana shaka. Dola iliyomtuma ni njema, adui anajulikana, wanawake ni wengi na risasi hazimpati. Vitabu hivyo vinaburudisha kweli, na vilisomwa na watu ambao hawakuwahi kumaliza kitabu kingine chochote, sifa ambayo walimu wa fasihi waliovidharau kwa kuviita riwaya pendwa, maana yake riwaya za kuburudisha umma zisizotazamiwa kufundishwa, hawakuweza kuipata kwa vitabu walivyovifundisha. Lakini kwa kigezo cha sura hii vina upungufu mmoja: swali la nani ana mamlaka ya kusema ukweli limekwisha kujibiwa ukurasa wa kwanza, nalo jibu ni mkubwa wa idara.

Ben Mtobwa, aliyezaliwa mkoani Kigoma mwaka 1958 na kufariki mwaka 2008, alilifungua tena swali hilo, na katika riwaya za giza za Kiswahili yeye ndiye wa kuanza naye. Joram Kiango wake hajaajiriwa na mtu. Polisi, hasa Inspekta Kombora, wanamhitaji na hawamwamini, naye hawaamini wao. Nuru, mwenzake, ana akili inayomtosha na mara nyingine inayomzidi. Katika Tutarudi na Roho Zetu? wawili hao wanaingia katika mapambano na dola ya ubaguzi wa rangi ya Afrika Kusini, na alama ya kuuliza katika jina la kitabu inafanya kazi ambayo Musiba asingeiruhusu, kwa kuwa inakiri kwamba shujaa anaweza kufa. Salamu kutoka Kuzimu na Najisikia Kuua Tena vina giza la karibu zaidi, giza la mtu anayeua kwa sababu zilizo ndani yake. Dar es Salaam Usiku, ambacho kimefasiriwa kwa Kiingereza, kinakwenda mbali zaidi kwa kumweka mpelelezi kando na kuliacha jiji lenyewe, baa zake, madanguro yake na matajiri wake, lijitolee ushahidi. Lugha ya Mtobwa ni nyepesi bila ya kuwa rahisi, sentensi zake fupi zina mwendo wa mtu anayesikiliza nyuma yake, na kwamba alilazimika kuanzisha kampuni yake ya uchapishaji, Heko, ni habari inayosema mengi kuhusu hali ya vitabu katika miaka ile ya uhaba wa karatasi. Kasoro yake ni mwisho wa haraka: baada ya kurasa mia na hamsini za mashaka, ukweli humwagwa kwa hotuba moja.

Baada ya Mtobwa hadithi za kusisimua zilihamia kwa kiasi kikubwa kwenye magazeti ya wiki, ambako Eric Shigongo, aliyechaguliwa mwaka 2020 kuwa mbunge wa Buchosa na hivyo kuingia katika ukumbi wa Dodoma, alijenga hadhira kubwa kwa masimulizi ya kukatwa vipande, na baadaye zikahamia kwenye simu, ambako waandishi huuza sura mojamoja kwa wafuatiliaji wao. Utaratibu huo una gharama yake, kwa kuwa hadithi inayouzwa kwa kipande hulazimika kuishia kwenye taharuki, yaani hali ya kumning'iniza msomaji, kila baada ya kurasa chache, na fumbo linalohitaji kidokezo kipandwe mapema na kuvunwa mwishoni haliwezi kustahimili njaa hiyo. Hussein Tuwa ni miongoni mwa waliobaki na subira ya kitabu kizima. Mkimbizi na Mdunguaji vinapendekezwa kwa anayetaka mbio, hofu na ufundi wa kisasa. Kolonia Santita cha Enock Maregesi, kilichokuwa kati ya vilivyotuzwa mwaka 2015 katika Tuzo ya Mabati-Cornell ya fasihi ya Kiswahili, kinashughulikia biashara ya dawa za kulevya kwa upana wa kimataifa, na kinamtaka msomaji avumilie maelezo mengi ya silaha, vyeo na mitandao.

Mmoja wa waasisi wa tuzo hiyo, Mukoma wa Ngugi, ni mwandishi wa Nairobi Heat, kilichochapishwa mwaka 2009 kwa Kiingereza, ambamo mpelelezi mweusi kutoka Marekani anafuata kesi hadi Nairobi na kukuta kwamba mizizi yake iko katika mauaji ya kimbari ya Rwanda. Hapo swali la mamlaka ya kusema ukweli linachukua sura nyingine, kwa kuwa mtu anayesifiwa duniani kwa kuokoa maisha anaweza kuwa ndiye mwenye la kujibu, na mashirika yanayomtegemea hayataki ajibu.

Jambo moja ambalo riwaya hizi za giza, za Kiswahili na za kigeni, hulitumia vibaya ni wendawazimu. Mtunzi aliyeishiwa na sababu humfanya muuaji wake kichaa na kufunga kitabu. Mkazi wa Dodoma hadanganyiki kirahisi kwa hila hiyo, kwa kuwa mjini kwake ipo hospitali ya Mirembe, ambayo jina lake limekuwa utani wa nchi nzima, na ipo sehemu yake ya Isanga, wanakohifadhiwa na kutibiwa watu ambao mahakama imeona kwamba walitenda kosa wakiwa na ugonjwa wa akili. Wengi wao si wajanja wa riwaya wanaopanga mauaji kama mchezo wa bao, bali ni watu walioua ndugu wa karibu katika hali wasiyoikumbuka vizuri, na familia zao zinabaki kijijini zikiwa za muuaji na za marehemu kwa wakati mmoja. Riwaya ambayo ingeanzia pale ambapo nyingine huishia, kwenye lango la hospitali hiyo, bado ina nafasi.

Kilicho karibu zaidi na giza hilo kwa sasa ni Lightseekers cha Femi Kayode wa Nigeria, kilichotoka mwaka 2021. Mpelelezi wake, Philip Taiwo, ni mwanasaikolojia wa uhalifu aliyerudi nyumbani baada ya kuishi Marekani, naye anatumwa katika mji mdogo ambako wanafunzi watatu wa chuo kikuu waliuawa na umati wa watu hadharani. Hakuna anayeuliza nani kaua, kwa kuwa mji mzima ulikuwapo na picha za simu zipo. Anachoulizwa ni kwa nini, na nani aliusukuma umati. Nchi ambayo taarifa zake za polisi zimeuzoea msemo wa wananchi wenye hasira kali, na ambayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 imekuwa na sungusungu, vikundi vya ulinzi vya wanakijiji vilivyoanzia Usukumani na Unyamwezini na ambavyo vimewahi kusifiwa kwa kukomesha wizi wa ng'ombe na kulaumiwa kwa kuua watuhumiwa, ina wasomaji wa kutosha wa kitabu hicho. Hakifai kwa mwanafunzi wa sekondari ya chini, Kiingereza chake hakina makuu, na mpelelezi wake, ambaye ndoa yake inayumba na ambaye wenyeji wanamwona mgeni katika nchi yake mwenyewe, anakosea mara kadhaa kabla ya kupata nusu ya anachotafuta.